Mwaka mgumu Kusini: fedha mkononi, ajira za muda, salfa, nafuu ya mafuta au mkopo wa halmashauri, kipi kianze?

Bei ya zao ikianguka Mtwara au Lindi, mkulima haanguki peke yake. Mwenye duka anafunga daftari la mikopo. Fundi cherehani anakaa na mashine yake bila nguo ya kushona, bodaboda zinajipanga kituoni zikimsubiri abiria ambaye siku hizo anatembea kwa miguu, na mama ntilie anapika nusu ya sufuria. Tumeyapitia haya zaidi ya mara moja. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa kuagiza mbaazi, na mbaazi zilizolimwa kwa matumaini ya bei ya mwaka uliotangulia zikabaki kwenye magunia. Msimu wa 2018/2019 wakulima wa korosho walizikataa bei za mnadani kwa kuziona ziko chini mno. Novemba 2018 Rais John Magufuli akaamuru Serikali inunue kwa Sh 3,300 kwa kilo, jeshi likabeba mzigo, na wakulima wengi wakasubiri malipo mpaka uhakiki uishe. Ikaja UVIKO-19. Ikaja 2022 na mafuta yaliyopanda bei baada ya vita ya Ukraine.

Kila mara linazuka swali lile lile: Serikali imsaidieje mwananchi? Majibu yake yanajulikana, kwa sababu karibu yote yameshajaribiwa hapa kwetu: kugawa fedha kwa kaya maskini kupitia TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), kutoa ajira za muda, kugharamia pembejeo kama salfa, dawa ya mikorosho, kupunguza kodi na bei ya mafuta, na kukopesha vikundi bila riba. Kibaya ni kwamba tunayazungumza kama vile ni kitu kimoja, na kila atakayepanda jukwaani anaahidi yote. Mfuko wa bajeti ni mmoja. Shilingi iliyokwenda kwenye petroli haiwezi tena kwenda kwa bibi anayelea wajukuu Newala.

Nimeyalinganisha hapa nikiitazama kaya ya Kusini, na msimamo wangu nautoa mapema: kwetu, kipimo cha kwanza cha msaada ni mwezi unaofika. Kiasi kinafuata baadaye.

Miezi inayouma

Kalenda ya fedha Kusini haifanani na ya Mbeya wala ya Mwanza. Ufuta unauzwa kuanzia Juni, na Lindi ndiko kwenye ufuta hasa. Mbaazi zinafuata Agosti na Septemba. Korosho inaingia ghalani Oktoba, minada inakwenda mpaka Desemba, na kwa mwaka mbaya inavuka hapo. Baada ya hapo kaya haina zao la kuuza mpaka Juni.

Januari, Februari na Machi ni kifuku. Mvua inanyesha, majani yanaota, shamba linadai palizi, na debe la mahindi lililobaki linaonyesha kitako chake. Hapo ndipo watu wanaingia porini kuchimba ming'oko, viazi vya porini, na muhogo wa akiba unang'olewa kabla haujakomaa. Kaya isiyo na fedha ina njia mbili za haraka, zote za hasara. Ya kwanza ni kwenda kulima vibarua kwenye shamba la mwenzio ilhali la kwako linazama kwenye majani. Ya pili ni kangomba: unachukua fedha leo kwa korosho itakayookotwa Oktoba, kwa bei anayotaka mwenye fedha.

Hesabu ya kangomba ni fupi. Chukua kaya inayohitaji Sh 50,000 mwezi Februari, na mnunuzi anayehesabu kilo moja kwa Sh 1,000. Oktoba kaya hiyo itapima kilo 50. Mkulima akibakiwa na Sh 3,000 kwa kilo baada ya makato, mzigo ule ulikuwa wa Sh 150,000, na mwaka kama 2024, minada ilipovuka Sh 4,000, hasara inazidi hapo. Laki moja imepotea kwa kukosa elfu hamsini miezi minane nyuma. Serikali inapambana na kangomba kwa doria na makatazo, nami naelewa kwa nini. Lakini mzizi wake uko Februari, jikoni, na huko doria haifiki.

Kila njia hapa chini nimeiuliza swali hilo kwanza: Februari inakuwa wapi?

Fedha mkononi

Mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF ulianza 2012, baada ya majaribio ya Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, na kipindi cha pili kikazinduliwa Februari 2020. Viwango vya kipindi cha kwanza vilikuwa wazi: Sh 10,000 za msingi kwa kaya kwa mwezi, Sh 4,000 kama kuna mtoto, na nyongeza kwa watoto wanaohudhuria kliniki na shule, ukomo ukiwa Sh 38,000 kwa mwezi. Malipo yalikuwa kila baada ya miezi miwili. Kwa mtu mwenye mshahara fedha hizo ni kidogo. Kwa kaya inayokula muhogo na mlenda ni tofauti ya kulala na kutolala.

Siku moja ya malipo, katika kijiji cha uwanda wa juu wa Makonde, nilikaa karibu na bibi mmoja aliyetoka mezani na noti zake akazipanga kwenye kanga mafungu matatu. Nilimwamkia, akaitika, nikamwuliza anagawaje.

"Hili la dukani, nimekula mkopo wa unga. Hili la daftari na sare ya huyu mdogo. Na hili la kuku, mwanangu. Kuku wawili, majike."

"Na wewe mwenyewe, bibi?"

"Mimi nitakula mayai."

Wapo wanaosema fedha za bure zinaishia kwenye pombe. Tathmini ya majaribio ya wilaya zile tatu ilionyesha mambo mengine: kaya zilizopokea zilijiunga zaidi na bima ya afya ya jamii, zikaongeza mifugo, na zikawanunulia watoto viatu. Mtu anayekosa kitu kila siku anajua kupanga kuliko tunavyomdhania.

Uzuri mkubwa wa fedha mkononi kwa Kusini ni kwamba haimtoi mtu shambani kwake. Februari ikimkuta na Sh 40,000, anabaki kwenye palizi yake, hauzi nguvu zake, hauzi korosho ya Oktoba. Hakuna njia nyingine katika hizi tano inayofanya hivyo moja kwa moja.

Kasoro zake ni mbili, na zote nzito. Ya kwanza ni ucheleweshaji. Malipo ya Januari yakiunganishwa na ya Machi na kutolewa Mei, kaya itapokea fedha zile zile kwa hesabu, lakini kangomba imeshapita. Ya pili ndiyo inayonisumbua zaidi ninapofikiria mwaka wa bei kuanguka. Orodha ya walengwa hutengenezwa kwa mkutano wa kijiji na dodoso, na dodoso hutazama nyumba na vitu vilivyomo. Msimu wa 2017/2018 ulikuwa wa neema, uzalishaji ukivuka tani 300,000, na wengi wakaezeka bati. Mwaka uliofuata mwenye bati yule yule hakuwa na hela ya chumvi. Lakini bati haling'olewi ili kumridhisha mwenye dodoso. TASAF imejengwa kumwona aliye maskini siku zote, na aliyeanguka jana inampita.

Kwa hiyo fedha mkononi ni chaguo la kwanza kwa wazee, wajane, walemavu, na kaya zenye watoto wengi na nguvu kazi kidogo. Kwa kaya iliyoangushwa na bei, hapana, isipokuwa orodha ifunguliwe kwa muda.

Ajira za muda

Hapa pana jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Katika mpango huo huo wa TASAF kuna kazi za muda: kuchimba malambo, kufungua barabara za vijiji, kuotesha miche, kuzuia mmomonyoko. Kipindi cha kwanza ujira ulikuwa Sh 2,300 kwa siku, siku 15 kwa mwezi, miezi minne. Siku 60, Sh 138,000.

Ujira huo ni mdogo kwa makusudi. Mwenye uwezo hatakwenda kuponda kokoto kwa Sh 2,300, kwa hiyo kazi yenyewe inachuja watu. Huhitaji dodoso wala kuhesabu mabati. Mwenye shida atajitokeza na jembe lake. Kwa aliyeanguka jana, hii ndiyo njia inayomfaa kuliko zote, kwa kuwa haimtaki athibitishe umaskini wa miaka mitano.

Bahati mbaya, kwetu kazi hizo hupewa wale wale waliomo kwenye orodha ya kaya maskini. Aliyeachwa na dodoso ameachwa na kibarua pia. India, kwa sheria ya 2005, ilichukua njia nyingine: kaya yoyote ya kijijini iliruhusiwa kuomba kazi ya mikono mpaka siku 100 kwa mwaka. Si lazima tuanze na siku 100. Siku 20 zilizo wazi kwa yeyote katika kata zilizopigwa na bei zingeshika kaya nyingi ambazo leo hazina pa kugonga.

Halafu kuna kinachobaki. Anayeishi Newala au Tandahimba anajua maji ya uwanda wa juu yanavyopatikana, na ndoo inavyonunuliwa kiangazi. Lambo lililochimbwa kwa mikono ya wanakijiji linaendelea kulipa hata ruzuku ikikoma. Barabara ya udongo iliyosawazishwa kabla ya Oktoba inafikisha korosho kwenye ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, bila mkulima kulipa pikipiki mara mbili. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokata barabara kuu maeneo ya Somanga, Kilwa, mikoa yote miwili ilionja maana ya kukosa njia. Yale ni madaraja makubwa, kazi ya mitambo, lakini mitaro na vivuko vya vijijini ni kazi ya majembe.

Tatizo la ajira za muda ni lile lile la kifuku. Ukiziweka Januari na Februari, unamtoa mtu kwenye palizi, na umeifanya Serikali kuwa kama jirani mwenye shamba kubwa. Ukiziweka Agosti, njaa imeshapita na watu wako kwenye mikorosho. Naona jibu ni nusu siku: kuanzia asubuhi mpaka saa nne au saa tano, kisha kila mtu anarudi kwake. Na malipo kila wiki mbili. Kibarua kinacholipwa baada ya miezi mitatu kinamlazimisha mtu akope ili afanye kazi ya kuondoa madeni.

Salfa

Kuna watu wa mikoa mingine wanaoshangaa ruzuku ya pembejeo za korosho inavyozungumzwa Kusini kana kwamba ni chakula. Waje Juni. Mkorosho unatoa maua, ugonjwa wa ubwiriunga unaingia, maua yanageuka kama yaliyonyunyiziwa unga mweupe, kisha yananyauka. Kinachozuia ni salfa kwa wakati wake. Ushauri uliozoeleka kutoka kwa watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, ni gramu 250 kwa mkorosho kila mzunguko, mizunguko mitano, takriban kila baada ya siku 14. Mwenye mikorosho 100 anahitaji kilo 125, yaani mifuko mitano ya kilo 25. Akiinunua yote kwa fedha yake mwaka ambao bei ilianguka, atapunguza mizunguko. Atapulizia mara mbili, pengine aache kabisa. Na Oktoba ataokota mwaka mbaya wa pili.

Hicho ndicho kinachoitofautisha salfa na msaada mwingine wote: inazuia mwaka mbaya usizae mwingine. Miaka ya nyuma ina ushahidi wake. Mwaka 2018 Bunge lilibadilisha utaratibu wa ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje. Asilimia 65, iliyokuwa ikirudi kuendeleza zao, ikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali, na wabunge wa Kusini walipinga sana. Uzalishaji ukashuka chini ya kiwango cha 2017/2018 na kukaa huko misimu kadhaa. Sababu zilikuwa nyingi, hali ya hewa na bei zikiwamo, na sitaki kuibebesha pembejeo kila kitu. Lakini Serikali iliporudi kugawa pembejeo kwa wingi kupitia Bodi ya Korosho, hesabu zikapanda, na msimu wa 2024/2025 ukavuka tani 500,000. Mkulima aliyeshika bomba la kupulizia hahitaji kuelezwa uhusiano uliopo.

Sasa, je, ni msaada wa kaya? Kwa mwenye mikorosho, ndiyo. Kwa asiye nayo, inamfikia kwa mlango wa nyuma: vibarua vya palizi, vya kuokota na kubangua, duka linalouza, fundi anayepata wateja. Mgao wenyewe unafuata idadi ya mikorosho, kwa hiyo mwenye 2,000 anachukua mifuko mara 20 ya mwenye 100. Mimi ningependa kuwe na ukomo mwaka wa shida: mikorosho 200 au 300 ya kwanza igharamiwe kikamilifu, inayozidi mwenyewe achangie. Mwenye shamba kubwa anakopesheka. Mwenye mikorosho 60 hakopesheki ila kwa kangomba.

Na wakati ni kila kitu. Salfa inayoshushwa ghalani Agosti maua ya kwanza yameshaungua, na mifuko iliyochelewa ndiyo inayoanza kutembea usiku kwenda kuuzwa. Kucheleweshwa kwa mwezi mmoja kunapoteza msimu mzima, jambo ambalo kwa fedha mkononi halitokei kwa kiasi hicho.

Februari? Salfa haina habari na Februari. Hiyo ndiyo hukumu yake, na ndiyo maana haiwezi kusimama peke yake.

Mafuta na kodi

Mei 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza ruzuku ya Sh bilioni 100 kupunguza makali ya bei ya mafuta kuanzia Juni. Kwa mikoa iliyo mbali na Dar es Salaam kama yetu, hoja ya mafuta ina uzito wa kweli. Sukari, sabuni na saruji vinakuja kwa lori. Boti za uvuvi za Kilwa na Mikindani zinatumia petroli. Hata bomba la kupulizia salfa linakunywa petroli, na Juni ndio mwezi wake.

Lakini tazama mgao unavyokwenda. Tuchukulie ruzuku ya Sh 200 kwa lita. Mwenye gari la tenki la lita 80 anapokea Sh 16,000 kila anapojaza, na haulizwi kama anazihitaji. Mvuvi mwenye galoni la lita 20 anapata Sh 4,000. Yule bibi mwenye mafungu matatu kwenye kanga hana tenki. Chake kitatoka kwenye nauli na bei ya dukani, vikishuka. Nauli za mabasi zilipandishwa Mei 2022, wiki chache kabla ya ruzuku kuanza, na zikapandishwa tena Desemba 2023. Nafuu ya mafuta inazuia bei kupanda zaidi, na hilo si jambo dogo, ila inateremka polepole sana kuwafikia wa chini.

Kupunguza kodi kuna tatizo la aina hiyo hiyo. Julai 2021 kiwango cha chini cha kodi ya mshahara kilishushwa kutoka asilimia 9 hadi 8: habari njema kwa mwalimu na muuguzi, lakini mkulima na muuza samaki hawaguswi. Kenya mwaka 2020 walishusha kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kutoka asilimia 16 hadi 14 na kuwafutia kodi ya mshahara wenye kipato kisichozidi Sh 24,000 za kwao kwa mwezi, na Januari 2021 VAT ikarudi 16. Kwa nchi yenye waajiriwa wengi wa mjini, hatua hiyo ina mantiki. Kusini, muhogo wa shambani na dagaa wa gengeni havikuwa na VAT tangu mwanzo, na huwezi kupunguza kisichokuwepo.

Kuna kodi moja tu ambayo kuiondoa kuliigusa kaya ya Kusini mwilini, nayo ni tozo ya miamala ya simu. Ilianza Julai 2021, ikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huo, ikaendelea kupunguzwa, na Julai 2023 tozo ya kutuma fedha kwa simu ikaondolewa. Vijana wetu wako Kariakoo na Mbagala, na elfu kumi anazotuma kijana kwa mama yake Nachingwea ndizo ruzuku ya kwanza ya kaya nyingi, kabla ya TASAF na kabla ya Bunge. Hizo zinafika Februari. Ni sawa pia kukumbuka kwamba bajeti ile ile ya 2023/2024 iliongeza Sh 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Mzigo ulihama kutoka kwenye simu kwenda kwenye pampu. Nikilazimika kuchagua kati ya hizo mbili, nachagua uende kwenye pampu, kwa sababu mwenye tenki kubwa atalipa zaidi ya mwenye simu ya tochi.

Mkopo wa asilimia kumi

Nitaupitia haraka. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ulisitishwa 2023, ukarudi 2024, na Newala Mji ikawa miongoni mwa halmashauri 10 zilizochaguliwa kuujaribu kupitia benki.

Ni mpango mzuri kwa mwaka mzuri. Mwaka bei imeanguka, kikundi kinachofungua mgahawa au kununua cherehani kinawauzia watu wasio na fedha, na miezi mitatu baadaye kinaanza kudaiwa. Zaidi ya hapo, mapato ya ndani ya halmashauri za Kusini yanategemea sana ushuru wa mazao. Zao likianguka, na asilimia 10 yake inasinyaa. Msaada unaopungua siku unapohitajika zaidi usipewe kazi ya uokozi. Uachwe uje Juni, ufuta unapoingiza fedha mtaani na wateja wanarudi.

Nani achague nini

Kwa mzee, mjane au mlezi wa wajukuu asiye na nguvu za jembe: fedha mkononi, na pigania zifike Januari na Machi bila kuunganishwa. Mengine yote ni ziada.

Kwa mwenye mikorosho isiyozidi 200: salfa iliyofika kijijini kabla ya Juni, pamoja na siku chache za ajira za muda kifuku. Akipewa salfa tupu, mwezi Februari atakuwa ameshaiuza korosho itakayotokana nayo.

Kwa mwenye mashamba makubwa: salfa kwa kuchangia, na mkopo wa benki. Asishindanie mifuko ya bure na mwenye mikorosho 60.

Kijana wa bodaboda wa Mtwara mjini au Lindi mjini atasema mafuta, naye ana haki ya kusema hivyo. Mimi bado ningemwambia kwamba abiria wake ni mkulima. Abiria akiwa na elfu mbili mfukoni, pikipiki inatembea hata petroli ikiwa ghali. Akiwa hana, petroli ya bei nafuu inakaa kwenye tenki.

Kama mimi ningekuwa diwani mwenye kura moja tu katika mwaka wa bei kuanguka, ningeipa ajira za muda zilizo wazi kwa wote, za nusu siku, Januari hadi Machi, zikisimama juu ya ruzuku ya TASAF inayolipwa kwa wakati. Salfa ningeilinda isiguswe, kwa sababu kuikata ni kununua mwaka mbaya mwingine. Mafuta ningeyaacha yawe ya mwisho.

Na haya yana ratiba. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, Bunge la bajeti linaanza Aprili, na mipango ya halmashauri inapikwa miezi ya mwisho ya mwaka na mwanzoni mwa unaofuata, ikianzia vijijini. Anayedai kazi za Februari ifikapo Februari amechelewa mwaka mzima. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Ule unaoangukia kati ya Oktoba na Desemba ndio wa kuhudhuria na kuuliza kwa sauti: malipo ya kaya maskini yatatoka mwezi gani, mradi wa ajira za muda ni upi na nani anaruhusiwa kujiandikisha, salfa itashushwa ghalani lini. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari, hata kama siku hiyo mnada umeitishwa na nusu ya kijiji iko ghalani.